Maswali ya Boila: Bodi ya sefti iwe ya chuma gani?

Barua nyingi za safari hii zimeangukia jambo moja: valvu ya usalama ya boila, ile ambayo karakana zote za Arusha na Moshi huiita sefti na ambayo hufunguka kutoa mvuke presha ikizidi, inunuliwe ya bodi gani, yaani gamba lake la nje liwe la chuma gani. Nimefurahi sana, kwa sababu kwa kawaida watu huuliza bei na saizi basi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa ndani yake yamo maswali ya wengine wengi ambao barua zao sikupata nafasi ya kuzichapisha.

*Shikamoo Mama. Mimi ni fundi boila kwenye dobi la hoteli hapa Themi, Arusha. Boila yetu tunaiendesha kwa bar 7. Sefti yake ni ya bronzi, inchi moja na robo, na sasa inapumua mvuke hata presha ikiwa chini. Bosi ameniagiza nikanunue nyingine. Dukani wana ya bronzi, ya kasti (chuma cha kusubu) na ya stili yenye flenji (sahani ya kufungia kwa boliti). Muuzaji anasema kasti ni nzito kwa hiyo ndiyo imara, halafu bei yake ni nafuu kuliko stili. Nichukue ipi? Na je, hii ya zamani imekufa kwa sababu bronzi ni laini? – Fundi wa dobi, Themi*

Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana usipolimaliza hilo utafunga valvu mpya na baada ya miezi michache utaniandikia barua ileile.

Sefti inapopumua, mara nyingi kinachovujisha ni kiti na diski, yaani mdomo wa valvu na kifuniko kinachoulalia, wala si bodi. Nyuso hizo mbili zimesagwa mpaka zikalaliana barabara. Chembe moja ya chumvi ikibanwa katikati, mvuke unapata upenyo, na mvuke wa bar 7 ukishapata upenyo unachimba mfereji kwenye kiti siku hadi siku. Chembe hiyo inatoka kwenye maji yako. Visima na chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru zina floridi nyingi. Hilo kila mzazi wa huku analijua kwa meno ya watoto. Fundi boila inampasa ajue na la pili: maji hayohayo yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi. Mtambo wa kulainisha maji unaondoa kalsiamu na magnesiamu, lakini bikaboneti unaiacha palepale. Ikifika ndani ya boila inavunjika kwa joto. Kaboni dioksidi inaondoka na mvuke na kwenda kula mabomba yenu ya kurudisha maji, na kinachobaki kinayafanya maji ya boila kuwa makali kama magadi. Maji makali hutoa povu, povu likipanda mvuke unabeba matone, na matone yakikaukia kwenye kiti cha sefti yanaacha unga mweupe.

Kwa hiyo boila ikiwa imepoa, fungua bomba la kutolea mvuke la hiyo sefti uangalie ndani. Ukikuta unga mweupe, ugonjwa ni maji, na dawa yake ni kupima ukali wa maji kila zamu na kumwaga maji ya chini ya boila kwa ratiba, si siku mtu akikumbuka. Valvu yenyewe usiitupe. Ipeleke kwa mwenye mashine ya kusaga viti na benchi la kupimia presha, itengenezwe iwe akiba. Usiisage mwenyewe kwa msasa, na usikaze springi ili inyamaze. Springi ikikazwa sefti haifunguki tena pale inapotakiwa, na hapo dobi zima linakaa juu ya bomu.

Sasa bodi. Kosa ninaloliona kila mahali ni mtu kwenda dukani na namba ya presha peke yake. Presha lazima uijue, lakini bodi inachaguliwa kwanza kwa joto, kwa sababu kila madini yakipashwa nguvu zake zinashuka, na presha iliyobebeka kwenye baridi haibebeki tena kwenye moto. Mvuke wa boila ya kawaida, ambao haukupashwa mara ya pili, una joto linalofungamana na presha yake: bar 7 kwenye geji ni kama nyuzi 170 za Selsiasi, bar 10 ni 184, bar 17 ni karibu 207. Usitumie hiyo bar 7 mnayoendeshea kila siku. Soma bati la boila. Kama mtengenezaji ameandika bar 10 kuwa ndiyo presha ya juu inayoruhusiwa, chagua bodi kwa nyuzi 184 na zaidi kidogo.

Bronzi ya valvu iliyozoeleka ni shaba asilimia 85, halafu bati, zinki na risasi asilimia 5 kila moja. Wamarekani wanaiandika B62, Waingereza LG2, Wajerumani Rg5. Ukiona alama yoyote kati ya hizo jua ni ukoo mmoja. Kanuni za Kimarekani zinaishia nayo kwenye nyuzi 208, na ukirudi kwenye hesabu ya hapo juu utaona kwa nini: ndilo joto la mvuke wa bar 17 na kitu. Ipo bronzi nyingine, B61, yenye bati zaidi na risasi kidogo, inayoruhusiwa hadi nyuzi 288. Kwa boila yako hata ile ya kawaida ina nafasi ya kutosha. Bronzi haishiki kutu nyekundu, haipasuki ghafla, na uzi wake unafunguka bila kugombana hata baada ya miaka. Adui yake mmoja ni amonia ikikutana na hewa. Zipo dawa za kuondoa oksijeni kwenye maji ya boila ambazo kwenye joto zinaachia amonia, haidrazini ikiwemo, kwa hiyo muulize anayewauzia dawa ina nini, na umwambie akuandikie.

Muuzaji wako amesema kasti ni nzito basi ni imara. Uzito haukusaidii hapa. Ndani ya chuma cha kusubu cha kawaida kaboni imekaa kama vipande bapa vya grafiti, na kila ncha ya kipande ni mwanzo wa ufa. Ukikikandamiza kinastahimili sana. Ukikivuta au ukikipinda kinakatika bila kutoa ishara. Stili ikizidiwa inavutika kwanza, inapinda, fundi anapata nafasi ya kuona. Kasti inapasuka kama chungu.

Kanuni ya Kimarekani ya boila haikatazi kasti. Inaiwekea mpaka, bar 17 na nyuzi 232. Boila yako iko ndani ya mpaka huo, na zipo boila nyingi zenye sefti za kasti zinazofanya kazi salama. Pamoja na hayo mimi nisingeifunga kwenye dobi, na sababu ni namna dobi linavyofanya kazi. Mnawasha alfajiri, mnazima jioni. Usiku mvuke uliobaki kwenye mabomba unageuka maji. Asubuhi mtu anafungua valvu kubwa kwa haraka kwa sababu mashuka ya wageni yanasubiriwa, na yale maji yanasukumwa na mvuke mpaka yanagonga kona. Kile kishindo mnachokisikia ukutani kinafika hadi kwenye bodi ya sefti. Kasti haisamehi vishindo, na haisamehi kupashwa na kupozwa haraka kila siku.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja cha nguo ambako sefti ya kasti ilikatika shingoni. Geji zilikuwa sawa, springi ilikuwa sawa, sefti ilifunguka kwa presha iliyopangwa. Tatizo lilikuwa bomba la kutolea mvuke: la inchi tatu, limepandishwa mpaka juu ya paa, halikushikwa na ukuta popote, uzito wote umeegemea flenji ya valvu. Sefti ilipofunguka, mvuke unaotoka ukalisukuma bomba upande, na shingo ikakatika. Zamu zilikuwa zinabadilishana na chumba kilikuwa kitupu. Hiyo ndiyo sababu peke yake nakusimulia habari ya chuma na si ya msiba. Bodi ya stili huenda ingepinda kidogo ikabaki nzima. Lakini hata stili haikuumbwa kubeba bomba, kwa hiyo kabla hujaenda dukani panda juu ukaangalie la kwenu limeshikwa na nini.

Kuna kasti ya aina ya pili ambayo grafiti yake ni viduara badala ya vipande bapa. Utaitambua kwa maandishi GGG40 au GJS-400 ubavuni, wakati kasti ya kawaida huandikwa GG25 au GJL-250. Ile ya viduara inavutika kabla ya kukatika, na hiyo naiheshimu. Kama duka lina hiyo, iko sawa kwa bar 10.

Stili ya kumimina, yenye alama WCB au 1.0619, ingekufaa bila shaka yoyote, ila utailipia nguvu usiyoihitaji, na itabidi ubadilishe uzi kuwa flenji. Ushauri wangu kwako ni bronzi, yenye alama inayosomeka, iliyopangwa kufunguka kwa presha isiyozidi ile ya kwenye bati la boila, na yenye uwezo wa kupitisha mvuke wote boila inayoweza kuzalisha moto ukiwa wa mwisho. Uwezo huo unaandikwa kwenye valvu au kwenye karatasi yake kwa kilo za mvuke kwa saa. Kama bomba la juu ni zito na hamwezi kulishika vizuri, basi hapo panda hadi stili, na mwambie bosi nimesema mimi.

*Mama, salamu kutoka Usa River. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunakusanya maziwa na kutengeneza mtindi na jibini. Tuna kiboila cha kuni cha bar 3 tunachotumia kupashia maziwa na kuoshea madumu. Kijana wa mabomba ametufungia valvu ya njano inayong'aa. Ubavuni imeandikwa CW617N, kwenye kofia imeandikwa bar 6 na joto la juu 110. Tulitaka tu kujua kama shaba hiyo itadumu. – Katibu wa kikundi*

Dada yangu, msiwashe. Barua hii ikiwakuta moto unawaka, acheni kuni ziishe zenyewe, msiongeze, na msirudie mpaka valvu ibadilishwe. Nimeomba mhariri awapigie simu kabla toleo halijatoka, lakini naandika hapa kwa sababu najua valvu za namna hii ziko kwenye viboila vingi vya maziwa, vya uyoga na vya mbao kuanzia hapo kwenu hadi Himo.

Hiyo ni valvu ya maji ya moto ya bafuni. Kofia yake inakwambia yenyewe: nyuzi 110. Mvuke wa bar 3 una nyuzi 144. Ndani yake mna mpira unaoziba kiti, na mpira huo haukutengenezwa kwa mvuke. Utavimba, utaganda, na siku ya kufunguka utakuwa umenata. Halafu imepangwa kufunguka bar 6 wakati kiboila chenu ni cha bar 3, maana yake ingesubiri presha ifike mara mbili ya ile mliyoambiwa ndiyo mwisho. Na hata ingefunguka, ilipimwa kwa maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida inachukua nafasi ya lita 1,600 hivi, kwa hiyo tundu linalotosha kupunguza presha ya maji halitoshi kabisa kupitisha mvuke wa moto wa kuni ambao hauwezi kuuzima kwa kubonyeza swichi.

Kuhusu bodi mliyoiulizia: CW617N ni shaba ya njano, na karibu sehemu mbili kati ya tano zake ni zinki. Kwenye maji ya moto yenye chumvi zinki huondoka taratibu na kuacha shaba yenye vitundu isiyo na nguvu. Kwa nje inabaki na umbo lake na ukubwa wake, pengine inabadilika rangi kuwa nyekundu, na unaweza kuivunja kwa spana. Kwa mvuke nataka bronzi, ile ya shaba na bati niliyomweleza fundi wa Themi. Kwa macho zinaweza kufanana zikiwa mpya, kwa hiyo msiamini rangi wala kung'aa. Someni herufi.

Mnachotakiwa kununua ni sefti ya mvuke, bodi ya bronzi, imepangwa bar 3, imeandikwa uwezo wake kwa kilo za mvuke kwa saa, na ina kijiti cha kuinulia kwa mkono ili muweze kuijaribu. Uwezo huo uwe mkubwa kuliko ule ulioandikwa kwenye bati la kiboila. Kama kiboila hakina bati, yaani kimechomelewa mtaani, hapo valvu si tatizo la kwanza. Kiitieni mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, akiangalie chote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inawahusu hata ninyi wenye madumu ishirini, na inawalinda kuliko inavyowabana. Pia angalieni kama yule kijana ameweka koki yoyote kati ya kiboila na valvu. Kama ipo, itolewe. Hakuna kitu chochote kinachoruhusiwa kufungwa hapo katikati.

*Mama, mimi ni mhandisi kijana kwenye kiwanda kinachozalisha umeme wake chenyewe huku Moshi. Mvuke unaokwenda kwenye tabaini ni bar 45, nyuzi 440. Tunahitaji sefti ya akiba ya upande wa mvuke uliopashwa mara ya pili. Muuzaji ametuletea ya bodi ya WCB, daraja la 600, na kutuonyesha kwamba daraja hilo linabeba bar 102. Bei yake ni nzuri sana. Tukubali? – M., Moshi*

Usikubali, na sababu umeiandika mwenyewe: nyuzi 440. Bar 102 anazokuonyesha ni za bodi iliyo baridi. Soma jedwali lilelile la presha na joto alilolitoa hiyo namba mpaka chini. WCB ya daraja la 600 kwenye nyuzi 425 inabaki na bar 57 tu, na baada ya hapo inaporomoka haraka. Utaniambia 57 bado ni zaidi ya 45. Ni kweli, lakini kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye namba hizo. Stili ya kaboni ikikaa kwa muda mrefu juu ya nyuzi 427 hivi, kaboni iliyomo inaanza kujitenga na kuwa grafiti. Chuma kinadhoofika kutoka ndani bila kubadilika sura, na hakuna rangi itakayokuonya. Sefti inakaa miaka juu ya bomba hilohilo, moto usiku na mchana, mkisubiri ifanye kazi dakika moja.

Nunua WC6, ambayo ina kromu asilimia 1 na robo na molibdeni nusu asilimia. Vitu hivyo viwili vinaishika kaboni mahali pake na kuzuia chuma kisivutike taratibu kwa joto. WC9 ina kromu na molibdeni zaidi. Kwa nyuzi 440 huihitaji, ila kama ndiyo iliyopo dukani haina ubaya. Hakikisha na boliti za bodi ni za kromu na molibdeni pia. Springi iwe wazi, kwenye fremu inayopitisha hewa, isifungiwe ndani ya kofia, kwa sababu springi ikichemka inalegea na sefti itafunguka kabla ya wakati.

Kwenye dramu, lile tangi la boila ambamo mvuke unatengana na maji, hadithi ni nyingine. Huko mvuke haujapashwa tena, uko karibu na nyuzi 260, na WCB inatosha kabisa. Kwa hiyo boila moja, bodi mbili tofauti, na zote ziko sahihi. Hatari iko stoo. Valvu hizi zinafanana kwa umbo na mtu wa zamu ya usiku anaweza kuchukua ya dramu akaifunga kwenye mvuke uliopashwa. Zipakeni rangi tofauti, na namba ya mahali pake igongwe kwenye kibati cha chuma kilichofungwa kwa waya, si kwenye karatasi. Mnapozipanga, ile ya mvuke uliopashwa ifunguke kabla ya zile za dramu, ili wakati wa hatari mvuke uendelee kupita kwenye mabomba ya kupashia na kuyapoza. Ikitangulia dramu, mabomba hayo yanabaki na moto nje na hakuna kinachopita ndani.

*Shikamoo. Nasoma ufundi mitambo Arusha. Maswali yangu ni matatu. Kwa nini valvu zote zisiwe za stenlesi tukamaliza mjadala? Je, kwa kuwa Arusha iko juu sana kutoka usawa wa bahari, bodi za huku zichaguliwe tofauti na za Dar es Salaam? Na kwa nini kila mara tunatumia kanuni za Kimarekani? – Mwanafunzi, Njiro*

Marahaba mwanangu, maswali mazuri. Stenlesi ninayoikuta kwenye bodi za valvu ni CF8M, ndugu wa ile 316. Haishiki kutu kirahisi, hiyo ni faida kubwa, na hospitali au kiwanda cha dawa kinachotaka mvuke safi wa kutakasia vyombo kinaihitaji kweli. Lakini inatanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya stili ya kawaida, kwa hiyo nafasi kati ya sehemu zinazosogea zinabadilika zaidi. Stenlesi ikisuguana na stenlesi ya aina moja huwa inanatana hadi kukwama, na sefti iliyokwama ni kipande cha chuma tu. Tena klorini ya kwenye chumvi ikikutana na joto na mvutano inaipasua kwa nyufa nyembamba kama mizizi, kwa hiyo boila inayotoa povu na kurusha matone haiponi kwa kufungiwa stenlesi. Na ujue kwamba sefti nzuri ya bodi ya stili tayari ina diski na kiti cha stenlesi, mara nyingi kikiwa kimevishwa tabaka gumu la kobalti na kromu. Pale ndipo mvuke unapokata, na pale ndipo fedha inapostahili kwenda.

Kuhusu mwinuko: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ina mgandamizo wa bar 0.86 hivi, na ndiyo maana maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Lakini geji yako inapima tofauti kati ya ndani ya boila na nje. Bar 7 za geji hapa na bar 7 za geji Dar es Salaam zinatofautiana joto chini ya nyuzi moja. Bodi haibadiliki. Kinachobadilika ni moto: hewa nyepesi ina oksijeni kidogo, na boila ya mafuta inabidi irekebishiwe hewa yake hapa.

Na kanuni za Kimarekani si peke yake. Za Ulaya zipo, na Shirika la Viwango Tanzania lina viwango vyake. Za Kimarekani zimeenea kwa sababu zilitangulia kuandikwa kwa ukamilifu, na ziliandikwa baada ya watu kufa. Tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, jimbo la Massachusetts, ililipuka, jengo likaanguka na kuwaka moto, na watu 58 wakafariki. Mwaka 1907 jimbo hilo likatunga sheria ya boila, na chama cha wahandisi mitambo cha Marekani kikatoa toleo la kwanza la kanuni zake la mwaka 1914. Ukisoma kwamba kasti isizidi nyuzi 232, usiione ni namba ya mtihani.

*Mama, sefti yetu ya kasti ina ufa mdogo kama unywele karibu na flenji ya chini, unatoa unyevu tu. Fundi wa kuchomelea anasema ana fimbo za nikeli na anaweza kuuziba leo jioni. Tuna oda ya mbao za kukausha. – Njoro, Moshi*

Hapana. Fimbo za nikeli zinachomelea kasti vizuri kwenye kitako cha mashine ya kusaga au mguu wa benchi. Pembeni mwa mshono kasti inakuwa ngumu na dhaifu zaidi ya ilivyokuwa, na mvutano wa kupoa unabaki umefungiwa humo. Bodi ya sefti yenye ufa haichomelewi, haipakwi gundi, haifungwi kwa bendi. Inatolewa na kugongwa nyundo mpaka ivunjike, ili asitokee mtu wa kuiokota na kuiuza tena kwenye soko la vyuma.

Wakati mnaitoa, angalieni ufa umeanzia upande upi. Kama ni upande wa bomba la kutolea mvuke, bomba linaivuta na lishikwe ukutani kwanza. Kama ni kwenye matundu ya boliti, mtu alikaza boliti upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa upande wa pili, au flenji ya boila imepinda. Iwekeni rula ya chuma juu yake muone mwanga. Tazameni pia kitundu kidogo cha kutolea maji chini ya bodi, upande wa kutokea. Kwenye masika, maji ya mvua yanashuka na bomba la paa, na kitundu kikiziba yanakaa humo, yanakula chuma, na sefti ikifunguka mvuke unayarusha kwa kishindo. Kizibueni na mkiongezee kibomba kinachopeleka maji mahali pasipopita mtu.

Mkifunga nyingine, kwa kazi yenu ya kukausha mbao, iwe ya stili au ya kasti ya viduara. Boila ibaki imezimwa hadi hapo, oda ya mbao isubiri. Mwiteni mkaguzi ashuhudie sefti mpya inavyofunguka na kufunga kwa presha iliyoandikwa, na lakiri ifungwe kwenye springi mbele ya macho yenu.